Begi Tupu, Uzito Kamili: Mwongozo wa Mwigizaji wa Kuvipa Maana Vifaa na Mandhari ya Jukwaa

Mwongozo huu ni wa waigizaji na waongozaji wa vikundi vya shule, vya vyuo na vya mitaani ambao tayari wanajua kukariri maneno na kufikisha sauti nyuma ya ukumbi, lakini bado wanakwama mahali pamoja: vitu vilivyo jukwaani vinabaki kuwa vitu tu. Fundi seremala amelipwa, ukuta umepakwa rangi, kiti kimeazimwa kwa jirani, ila mwigizaji anapita katikati ya hayo yote kama abiria anayesubiri basi.

Nimeliona kosa hili kwa karibu. Katika mazoezi ya mwisho ya igizo nililoliongoza, mwigizaji aliyecheza binti aliyerudi kutoka ng'ambo aliingia na begi kubwa la safari, akalining'iniza kwa vidole viwili, kisha akalitupia juu ya meza huku akiendelea kuzungumza. Wachache waliokuja kututazama waliangua kicheko, na maneno mazuri yaliyofuata hayakusikika tena. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu begi lile lilikuwa limeletwa siku ileile, na sikuwa nimempa mwigizaji hata saa moja ya kulizoea.

Hadhira inajua fika kwamba ukuta ni wa mbao nyembamba na kwamba chai ni maji ya bomba. Inakubali kuamini kwa kumtazama mwigizaji: mgongo wake unapopinda, anapokikwepa kiti fulani, vidole vyake vinapochelewa kuachia mpini. Hatua zote zilizomo humu zinatokana na jambo hilo.

## Onyesho la mfano

Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia onyesho moja tangu mwanzo hadi mwisho. Binti amerudi Tanga baada ya kufanya kazi za ndani Muscat kwa miaka minane. Mama yake anampokea. Mjomba, aliyemkopesha nauli, anasubiri nje barazani akiamini kwamba begi limejaa. Begi halina kitu isipokuwa nguo mbili na upande mmoja wa doti ya kanga; upande wa pili alimwachia mama siku aliyoondoka.

Vifaa ni vichache: begi, mkeka, kigoda, kanga na ndoo ya maji. Mandhari ni mlango mmoja tu. Hiyo inatosha kabisa.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala ya tamthilia yenye nafasi pembeni ya kuandika, na penseli.
- Daftari moja la vifaa, linalotunzwa na mtu mmoja anayejulikana.
- Chaki au utepe wa rangi wa kubandika sakafuni, na futi ya kupimia.
- Vifaa mbadala vya mazoezi tangu siku ya kwanza. Kama begi lenyewe halijapatikana, tumia sanduku lolote lenye ukubwa unaokaribiana, lakini usiruhusu mikono mitupu.
- Mchanga au mahindi, na mifuko imara ya kuyafungia, kwa ajili ya uzito.
- Viatu, kanga na mavazi ambayo mwigizaji atayavaa siku ya onyesho, au yanayofanana nayo.
- Simu ya kurekodi mazoezi.
- Mtu mmoja ambaye hajaisoma tamthilia. Huyu utamhitaji katika Hatua ya 7, kwa hiyo usimsimulie kisa mapema.

## Hatua ya 1: Isome tamthilia ukitafuta vitu peke yake

Soma mara moja bila kujali maneno ya wahusika. Kila kitu kinapotajwa au kuguswa, kiandike katika daftari kwa safu tatu: kitu chenyewe, nani anakigusa, na nini kinabadilika baada ya kuguswa. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Ukiona kitu kimeandikwa mara nne na safu ya tatu iko tupu mara zote nne, kiondoe au kitafutie kazi.

Andika pia vitu ambavyo havipo. Katika *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare iliyotoka mwaka 1969, Shylock, mkopeshaji anayemdai mdeni wake ratili ya nyama ya mwilini, anafika mahakamani akiwa na kisu na mizani ya kuipimia, lakini hakuja na tabibu wa kuziba damu. Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, anamuuliza habari ya tabibu, naye anauliza kama jambo hilo limo katika mkataba. Mwigizaji akielewa kwamba mizani ipo na tabibu hayupo, ameshapata nusu ya mhusika wake kabla hajatamka neno.

Dalili ya mafanikio: orodha yako imepungua. Jukwaa lenye vitu vitano vinavyotumika linazidi jukwaa lenye vitu ishirini vya kupendezesha macho.

## Hatua ya 2: Chora nyumba sakafuni

Pima jukwaa mtakalotumia, kisha uchore kuta, mlango na mahali pa kila kitu kwa chaki au utepe. Fanyeni hivyo siku ya kwanza ya mazoezi ya kusimama, kwa sababu mwili hujifunza njia zake mapema na huzisahau kwa shida. Mwigizaji aliyezoea hatua nne kutoka mlangoni hadi mkekani atapiga hatua hizo nne hata kama ukumbi mpya unataka saba, na hatua tatu za mwisho atazitembea bila sababu.

Mlango unahitaji makubaliano ya pekee. Unafunguka kuelekea ndani au nje? Kitasa kiko kulia au kushoto, na kwa kimo gani? Kama mlango ni wa kuwaziwa tu, waigizaji wote washike kitasa mahali palepale. Mmoja akisukuma mahali ambapo mwenzake alivuta, nyumba yote imeanguka mbele ya hadhira.

Onyo: asiwepo mtu anayekatiza ukuta wa chaki, hata anapokwenda kunywa maji wakati wa mapumziko. Azunguke apitie mlangoni. Waigizaji wataona ni usumbufu wiki ya kwanza, lakini kufikia wiki ya tatu utawaona wakiuheshimu ukuta ule bila kukumbushwa.

## Hatua ya 3: Utafute uzito, joto na ukubwa halisi

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa begi moja. Tia mchanga au mahindi katika mifuko, uifunge vizuri, uipange ndani ya begi hadi ifike kilo 15 au zaidi kulingana na nguvu za mwigizaji, kisha mwache aingie nalo mara kumi. Asiigize chochote. Atembee tu, na nyinyi mtazame na kurekodi.

Mtaona mambo ambayo hakuna mwigizaji anayeyabuni kwa akili peke yake. Kiwiliwili kinaegemea upande usio na mzigo. Mkono mtupu unatoka mbali na mwili ili kuleta mizani. Hatua zinakuwa fupi, na mguu wa upande wa mzigo unakanyaga kwa kishindo zaidi. Kabla ya kuinua anavuta pumzi na kuibana. Akishatua, pumzi inatoka yenyewe. Halafu kuna lile dogo linalosahaulika kila mara: akiachia mpini, vidole havinyooki mara moja. Vinabaki vimejikunja kwa sekunde moja au mbili, na mara nyingi mtu huvitazama au kuvisugua na kiganja cha mkono wa pili.

Baada ya mara kumi hizo, toa nusu ya uzito na urudie. Kisha toa wote. Mwigizaji sasa anabeba begi tupu kwa kumbukumbu ya misuli yake. Linganisha picha za mwanzo na za mwisho katika simu, na urudishe mchanga kila unapoona kumbukumbu inafifia.

Katika onyesho letu kuna fundo la ziada, kwa kuwa begi ni tupu hata ndani ya kisa chenyewe. Binti ndiye anayejifanya limemlemea, ili mjomba aliyeketi barazani asishtuke. Kwa hiyo mwigizaji anacheza mtu anayeigiza uzito, naye hawezi kuucheza uongo huo mpaka awe ameujua ukweli wa kilo 15.

Utaratibu ni uleule kwa vitu vingine. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Aliyeibeba kichwani hageuzi kichwa kumwitikia mtu, hugeuza macho au hugeuka mwili mzima. Kikombe cha chai ya moto hushikwa kwa ncha za vidole na kupulizwa, na midomo hukisogelea kwa tahadhari. Tia maji ndani ya kikombe siku zote, hata mazoezini, kwa sababu koo halijui kumeza hewa kwa namna inayosadikika.

Onyo: anza na uzito mdogo, magoti yakunjwe wakati wa kuinua, na mwenye maumivu ya mgongo asishiriki zoezi hili. Panga, visu na mikuki viwe butu au vya mbao. Usiwashe kibatari cha mafuta ya taa ndani ya ukumbi wenye mapazia. Taa ndogo ya betri iliyofichwa ndani ya kibatari inatosha, ikiwa mwigizaji ataikinga kwa kiganja kana kwamba ni mwali unaoweza kuzimwa na upepo.

Dalili ya mafanikio: mtu wa kando anainuka kutaka kumsaidia kubeba.

## Hatua ya 4: Kipe kila kitu mwenyewe na historia yake

Kila mwigizaji asimame, ashike kitu chake na asimulie kwa dakika mbili, kwa nafsi ya kwanza, kilitoka wapi na kimepitia nini. Binti aseme begi lilinunuliwa wapi na kwa mshahara wa mwezi upi. Mama aseme kigoda kilikuwa cha nani. Zoezi hili haliingii katika igizo, lakini mikono inalikumbuka: mtu hushika kitu chake kwa namna moja, cha kuazima kwa namna nyingine, na cha marehemu kwa namna ya tatu.

Msiishie kwenye jibu la kwanza linalokuja. Tulipofanya zoezi la kanga, tuliuliza ni upande upi wa doti uliochakaa zaidi. Jibu la haraka lilikuwa wa mama, kwa kuwa mama ni mzee na anaishi kwa dhiki. Mwigizaji wetu wa mama alikataa. Alisema mama huyu hakuivaa kanga ile hata siku moja kwa miaka minane. Aliikunja na kuihifadhi, na leo ndiyo mara ya kwanza kuivaa. Upande wa binti ndio uliofuliwa hadi ukapauka. Tangu siku ile, mama aliingia jukwaani akiwa na kanga yenye mikunjo bado, na alikuwa akiilainisha kwa viganja bila kuambiwa na mtu. Hatukuwa na mstari wowote ulioeleza upendo ule, wala haukuhitajika.

Kuhusu kanga kuna tahadhari nyingine. Jina lake husomeka kwa watu wa safu za mbele tu. Ukiichagua kwa ajili ya maneno yake, mtafutie mwigizaji sababu ya kuikunjua na kuisoma. Vinginevyo ichague kwa rangi na mwonekano. Hata hivyo usichukue yoyote iliyopo, maana wa safu ya mbele watalisoma jina lile, na mafumbo ya kanga yana nguvu ya kupindua onyesho zima.

## Hatua ya 5: Panga miguso mitatu

Kwa kila kitu kikuu, chagua mguso wa kwanza, mguso unaogeuza mambo, na mguso wa mwisho. Miguso mingine yote ipunguzwe. Mwigizaji anayelishikashika begi wakati wote analipunguzia thamani, kwa kuwa hadhira haitajua ni mguso upi wa kuuzingatia.

Katika onyesho letu tulipanga hivi. Mguso wa kwanza ni wa binti: anaingia akilemewa, analitua karibu na mlango kwa kishindo kidogo anachokitoa kwa mguu wake, kisha anasimama kati ya begi na mama. Kuanzia hapo haligusi tena, ila kila mama anapoelekea upande ule, yeye husogea akaliziba.

Mguso unaogeuza mambo ni wa mama. Binti ametoka uani kunawa uso. Mama anajiandaa kuinua mzigo mkubwa, anakunja magoti, anavuta pumzi, anavuta mpini. Begi linamfuata juu kwa wepesi kiasi kwamba nusura apepesuke kwenda nyuma. Anabaki amesimama nalo hewani. Mwigizaji asifanye uso wa mshangao hapa, wala asiigeukie hadhira. Mwili wake uliokuwa umejiandaa kwa kilo 23 umeshasema yote.

Mguso wa mwisho unakuja sekunde chache baadaye. Sauti ya mjomba inasikika mlangoni akibisha hodi. Mama analishusha begi lile polepole, analikumbatia kwa mikono miwili, anauegemeza mwili nyuma, na mjomba anapoingia anamwona dada yake akikokota mzigo mzito kuupeleka ndani. Binti, aliyerudi kutoka uani, anaona. Sasa wawili wanabeba siri moja, nayo imepita kutoka mgongo wa mmoja hadi wa mwingine bila neno.

Dalili ya mafanikio: ukumbi unanyamaza mama anapoinua, na mjomba anapoingia unasikia watu wakivuta pumzi.

## Hatua ya 6: Amua tendo liwe kabla ya maneno, pamoja nayo, au baada yake

Tendo likitangulia, maneno huonekana kama matokeo ya fikra. Likifuata, huweza kuyathibitisha maneno au kuyakanusha. Vikienda pamoja, mara nyingi kimoja humeza kingine. Jaribuni kila mstari mkuu kwa namna zote tatu kabla ya kuchagua.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Helene Weigel, aliyecheza Mama Courage katika igizo la Bertolt Brecht mjini Berlin mwaka 1949. Karibu na mwisho, mfanyabiashara yule mdogo wa vitani anawapa wakulima pesa za kumzika binti yake. Weigel alichota sarafu kutoka katika mfuko wake wa ngozi, akarudisha sarafu moja mfukoni, ndipo akatoa zilizobaki. Mama yule analia kwa dhati na bado anahesabu. Sarafu moja imebeba mambo mawili ambayo mstari wa maneno ungeyatenganisha.

Onyo: usiige tendo la mtu mwingine kwa sababu limesifiwa. Tafuta sarafu ya mhusika wako.

Sambamba na hilo, mandhari nayo itendewe kazi. Nyumbani kwetu mwili una adabu zake: viatu huvuliwa kizingitini, mgeni huonyeshwa pa kuketi, mtoto hakimbilii kigoda cha mkubwa. Adabu hizo ni lugha ambayo hadhira inaijua kabla haijaingia ukumbini. Binti wetu anapiga hodi kwenye mlango wa nyumba aliyozaliwa, anasubiri akaribishwe, na anaketi pembeni kabisa ya mkeka. Kwa matendo hayo matatu hadhira imeshajua kwamba amekuwa mgeni kwao. Akiingia moja kwa moja na kujitupa mkekani, mtakuwa na kisa kingine.

## Hatua ya 7: Chezeni onyesho zima bila maneno

Mleteni yule mtu ambaye hajaisoma tamthilia. Chezeni onyesho kwa kasi yake ya kawaida, midomo imefungwa, bila ishara za bubu na bila kutia chumvi. Kisha mwulize mambo matatu: nyumba ni ya nani, kila kitu ni cha nani, na ni wakati gani mambo yalibadilika.

Akitaja wakati ule mama alipoinua begi, mmefika. Akitaja wakati mwingine, msimsahihishe wala msimweleze. Rudini Hatua ya 5, kwa sababu kuna mguso wa ziada uliomvuta macho. Mara nyingi ni mwigizaji wa pembeni anayecheza na upindo wa nguo.

## Hatua ya 8: Meza ya vifaa na siku yenyewe

Nyuma ya jukwaa weka meza, itandike karatasi, uchore umbo la kila kifaa mahali pake na uandike jina lake na la mwigizaji anayekitumia. Umbo tupu linaonyesha papo hapo kitu kinachokosekana. Msimamizi wa vifaa akague meza hiyo kabla ya hadhira kuingia na wakati wa mapumziko, na mwigizaji mwenyewe akague mara ya pili. Baada ya kutoka jukwaani, kitu kirudi mezani, kamwe si mfukoni wala mikononi mwa rafiki.

Nusu saa kabla ya kuanza, mwigizaji wa binti abebe begi likiwa na mchanga wake, azunguke nyuma ya jukwaa mara tatu, ndipo litolewe. Mwigizaji wa mama asiliguse kabisa siku hiyo mpaka wakati wake utakapofika jukwaani.

Kitu kikiharibika mbele ya watu, kiendelee kuwa kile kile kilichokuwa. Mpini wa begi ukikatika, umekatika kwa binti aliyerudi kutoka Muscat, mbele ya mama yake, huku mjomba akisikia barazani. Basi ainame aukusanye jinsi binti huyo angeukusanya, kwa haraka na kwa hofu kwamba mtu atakuja kumsaidia kubeba.